Tupeane uzoefu: viti vya ndege kwenye safari ndefu, 3-3-3, 2-4-2 au 3-4-3?

Korido_Daima

Wakuu, tupeane uzoefu wa viti vya daraja la kawaida kwenye safari za saa nane na kuendelea. Mabishano ya shirika lipi zuri na lipi baya tuyaweke kando. Tuongee vipimo: ndege ya aina gani, viti vimepangwaje, kipi kinabana na kwa nini kinabana.

Naanza na jambo ambalo wasafiri wengi hulikosea. Ndege kuwa mpya hakuongezi upana wa kiti hata kidogo. Upana wa kiti unatokana na upana wa kabini na idadi ya viti ambavyo shirika limeamua kuvipanga kwenye mstari mmoja.

Chukua Boeing 787 Dreamliner. Kabini yake ina upana wa takriban sm 549. Ukipanga 3-3-3, yaani vitatu, korido, vitatu, korido, vitatu, viti tisa vya inchi 17.2, yaani karibu sm 44, vinakula kama sm 394. Viegemeo vya mikono viko 12, kila kimoja kama sm 5, hizo ni sm 60. Zinazobaki, kama sm 95, ndizo korido mbili. Hapo utaelewa kwa nini kigari cha chakula kinagonga viwiko, na kwa nini aliyekaa korido haachwi alale.

Sasa chukua Airbus A330, ndege ya zamani zaidi kwa umbo. Kabini yake ni sm 528, nyembamba kuliko ya 787. Lakini mpangilio wake wa kawaida ni 2-4-2, viti vinane, kila kimoja inchi 18, karibu sm 46. Ndege nyembamba, kiti kipana! Ndiyo maana A330 za RwandAir na A330-800 za Uganda Airlines zinampa abiria nafasi ya mabega kuliko 787-8 za Kenya Airways na Air Tanzania, ambazo zote zimepangwa 3-3-3. Sm 2 zinaonekana kidogo kwenye karatasi. Kwa mtu mwenye mabega mapana, usiku mzima, si kidogo.

Boeing wenyewe walipoichora 787 walikuwa na viti vinane kwa mstari akilini. Mashirika mengi yakaongeza cha tisa. Japan Airlines ilibaki na 2-4-2 kwenye 787 zake za safari za nje, na viti vyake vinakaribia sm 48. Hesabu ya kibiashara haihitaji maelezo marefu: 787-8 ya Air Tanzania yenye viti 262 ina 240 vya daraja la kawaida. Ingepangwa nane kwa mstari ingepoteza viti kama 27. Naielewa hesabu hiyo, lakini abiria naye ana haki ya kujua kilichokatwa kimetoka wapi.

Mpima_Kabini

Mkuu umefungua vizuri. Niongeze zile kubwa, maana hapa namba za mpangilio zinaweza kukudanganya.

Boeing 777 ina kabini ya sm 587. Zamani mashirika mengi yaliipanga 3-3-3 na kiti kikawa cha inchi 18 au zaidi. Siku hizi wengi wanaipanga 3-4-3, na kiti kinashuka hadi kama inchi 17, sm 43. Emirates wanaoruka na 777 kuja Dar es Salaam na Nairobi wanatumia 3-4-3. Ukiunganisha Dubai ukapanda A380, ghorofa ya chini nayo ni 3-4-3, ila kule kiti ni kama inchi 18 kwa sababu mwili wa ndege ni mpana zaidi. Mchoro unafanana kabisa, kiti hakifanani. Kwa hiyo usisome 3-4-3 peke yake, soma pamoja na jina la ndege.

A350 ni sm 561, na kwa 3-3-3 inakupa kama inchi 18. Kati ya ndege zenye viti tisa kwa mstari zinazopita kwetu, nafuu ninayoiona ni hiyo.

Kitu kingine: mkiani mwili wa ndege unaanza kubanana, hivyo mstari unapungua kiti. Kwenye 777 nyingi za 3-4-3, mistari michache ya mwisho inageuka 2-4-2. Viti viwili vya dirishani vinabaki bila wa tatu, na kati ya kiti na ukuta panakuwa na upenyo wa kuweka begi dogo. Kwa watu wawili wanaosafiri pamoja, ndivyo viti vya kuwinda. Gharama yake ni kwamba mkia unayumba zaidi hewa ikichafuka, na mnashuka wa mwisho.

Kiti_D

Kuhusu nani anakusumbua nani, watu wanachagua korido bila kuangalia ni korido ya upande gani.

Kwenye 3-3-3, ukikaa korido ya kundi la dirishani, una watu wawili ambao hawana njia nyingine ila kupita kwako. Kila mmoja akienda msalani mara tatu, umesimama mara sita. Ukikaa korido ya kundi la katikati, una jirani mmoja tu, naye anaweza kutokea upande wa pili. Kwa hiyo unasumbuliwa na mtu mmoja au husumbuliwi kabisa. Kwenye 3-4-3 ni vilevile: kundi la wanne, kila mwenye korido ana mmoja wa kumpisha.

Anayetaka kulala achukue dirisha. Anayetaka kuinuka bila kuomba ruhusa achukue korido ya katikati. Korido ya upande wa dirishani naiona ndiyo mbaya kuliko zote kwa safari ya usiku, na bado ndiyo inayojaa mapema!

Mrefu_wa_Moshi

Na sisi wenye miguu mirefu? Tovuti zinaandika inchi 31, nyingine 32, lakini magoti yanagusa hukohuko.

Mpima_Kabini

Kwa sababu kipimo hicho si nafasi ya miguu, ndugu. Kinapimwa kutoka sehemu moja ya kiti chako hadi sehemu ileile ya kiti cha mbele, kwa hiyo unene wa mgongo wa kiti umo ndani yake. Inchi 31 ni sm 79. Toa unene wa mgongo usawa wa magoti, tuseme sm 8 kwa viti vyembamba vya kisasa na hadi 12 kwa vya zamani, unabaki na sm 67 hadi 71.

Jipime nyumbani: kaa sakafuni au kwenye benchi, makalio na mgongo vikiwa vimegusa ukuta, kisha pima kutoka ukutani hadi mbele ya goti. Ukipata sm 65 au zaidi, kila inchi ina maana kwako. Ukiteleza mbele kidogo kwenye kiti, magoti yanagusa. Kaa umenyooka, makalio nyuma kabisa.

Pia mfuko wa magazeti: viti vipya vimeuhamishia juu, karibu na skrini, ili kuacha nafasi kwenye magoti. Kama wa kwako uko chini, usiujaze chupa na tableti, maana unajinyang'anya sm 3 au 4 mwenyewe. Na chungulia chini ya kiti cha mbele kabla ya kuweka begi. Baadhi ya viti vina kisanduku cha umeme wa skrini pale chini, kinachukua nafasi ya mguu mmoja.

Mlango_wa_Dharura

Hapohapo, mstari wa mlango wa dharura. Miguu unanyoosha, kweli, lakini jua unachokinunua:

Meza na mara nyingi skrini vimefichwa ndani ya kiegemeo cha mkono, hivyo kiegemeo ni kinene, hakiinuki, na kiti kinakuwa chembamba kidogo. Mwenye nyonga pana ataumia hapo kuliko mstari wa kawaida. Begi lolote lazima liende juu wakati wa kuruka na kutua. Karibu na mlango pana baridi inayopiga miguuni, soksi nene si anasa. Na foleni ya msalani hujikusanya palepale, watu wakisimama mbele ya magoti yako.

Masharti nayo hayana mjadala: mjamzito, mwenye mtoto mchanga, mtoto, anayehitaji msaada wa kutembea, na kwenye mashirika mengi anayetumia kipande cha kurefusha mkanda wa kiti, hawakai hapo. Ndege inathibitishwa kwa kuonyesha kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90 wakitumia nusu tu ya milango. Anayekaa hapo ni sehemu ya hesabu hiyo.

Mstari ulio mbele ya mlango wa dharura uangalieni pia. Mara nyingi migongo yake haishuki, au inashuka kidogo sana, ili njia isizibwe. Mstari wa mwisho kabisa wenye ukuta nyuma ni hivyohivyo.

Mama_Safarini

Kwa wenye watoto. Kitanda cha mtoto hufungwa kwenye ukuta wa mbele wa kabini, na vitanda ni vichache kwa ndege nzima, kwa hiyo kiombeni siku mnayokata tiketi, kisha thibitisheni tena kwa simu. Kikomo cha uzito mara nyingi ni kilo 10 au 11, baadhi ya mashirika hupima urefu pia. Taa ya mikanda ikiwaka, mtoto anatolewa kitandani na kufungwa kwa mzazi, hata kama ndiyo kwanza amelala. Jipangeni kwa hilo.

Lakini mtoto wa miaka miwili au mitatu asipelekwe mstari huo. Viegemeo vya mikono haviinuki, hawezi kulala akinyoosha miguu juu ya mapaja yako, na begi la nepi na chakula linakaa juu msipolifikia wakati wa kuruka. Kwa umri huo, mstari wa kawaida ni bora: viegemeo vinainuliwa, begi liko miguuni.

Chakula cha mtoto na chakula maalum, kile cha halali kikiwemo kwa mashirika yasiyopika halali kwa wote, huagizwa angalau saa 24 kabla. Faida yake nyingine: milo maalum huletwa kwanza. Kigari cha kawaida mara nyingi huanzia mwisho mmoja wa kabini, na wanaofikiwa mwisho hupewa kilichobaki.

Fundi_Viti

Kuna kitufe ambacho abiria wengi hawakijui. Kiegemeo cha upande wa korido kinaonekana kama hakiinuki. Kwenye viti vingi, pitisha kidole chini yake, nyuma karibu na bawaba, utakuta kitufe au kiwiko kidogo. Bonyeza, kiegemeo kinapanda. Kinamsaidia sana mzee mwenye magoti mabovu na anayehamishwa kutoka kiti cha magurudumu: anateleza kando badala ya kunyanyuliwa. Wakati wa kuruka na kutua lazima kirudi chini. Si kila kiti cha korido kina kitufe hicho, kwa hiyo anayesafiri na mgonjwa aombe kiti chenye kiegemeo kinachoinuka, na ataarifu shirika saa 48 kabla.

Mbawa za sehemu ya kichwa nazo zikunjwe kwa ndani, zinashika shingo. Watu wanazikuta zimenyooka wanadhani zimetengenezwa hivyo. Na soketi ya umeme ikikataa kompyuta yako, mara nyingi si mbovu: chaja inavuta wati nyingi kuliko soketi inavyoruhusu, ikajizima. Zima kompyuta, chaji ikiwa imelala.

Daktari_Anga

Niongeze upande wa mwili. Ndani ya ndege nyingi hewa hubanwa iwe kama ya mahali penye mwinuko wa hadi mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Dreamliner na A350 hazipiti kama mita 1,800. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko kwenye mita 1,600 hivi, kwa hiyo anayeishi Nairobi akipanda Dreamliner anapanda kidogo tu kutoka alipozoea. Anayetoka Dar au Zanzibar, usawa wa bahari, anapanda mwinuko wote huo ndani ya nusu saa. Kwa mita 2,400 gesi ya tumboni inavimba kwa karibu theluthi. Kwa 1,800 ni kama robo. Maharage na soda kabla ya safari vinamuumiza zaidi aliyepanda 777 kuliko aliyepanda 787. Hapa ndipo ndege mpya inalipa, hata kama kiti ni chembamba.

Mwenye ugonjwa wa seli mundu amwone daktari kabla ya kukata tiketi, na asiruke ndani ya siku 10 baada ya maumivu makali. Achague korido, anywe maji mara kwa mara, avae kitu cha joto.

Kuhusu damu kuganda miguuni: utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa 2007 ulionyesha hatari inakaribia kuwa maradufu kwa safari ya kukaa saa nne au zaidi, ingawa kwa mtu mwenye afya ni kama mmoja kati ya 6,000. Mjamzito, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mwenye uzito mkubwa, aliyewahi kuganda damu: hao wamwulize daktari kuhusu soksi za kubana. Kwa wote, inua visigino na vidole kwa zamu mara 20 kila saa, na inuka. Aliyekaa dirishani huinuka mara chache, ajilazimishe.

Wakala_Tiketi

Mwisho wa siku mnahitaji kujua ndege kabla ya kulipa. Kwenye ratiba tafuteni alama ya ndege yenye tarakimu au herufi tatu: 788 na 789 ni Dreamliner, 77W ni 777-300ER, 332 na 333 ni A330 za awali, 338 na 339 ni A330 mpya, 359 ni A350, 388 ni A380. Herufi za viti zinaruka I kwa sababu inafanana na 1, na kwenye 2-4-2 mara nyingi B nayo hairukwi bure: A ni dirisha, C ni korido, hakuna wa kati.

Mnaosafiri wawili kwenye 3-3-3, chukueni A na C, muache B. Kiti cha katikati ndicho cha mwisho kuchaguliwa. Mtu akiwekwa hapo, mmoja wenu ampishe, atafurahi kuhama.

Cheki-in ya mtandaoni hufunguka saa 24 hadi 48 kabla kutegemea shirika, na hapo viti vilivyozuiliwa huachiwa. Tazameni ramani tena saa chache kabla ya kwenda uwanjani. Ndege ikibadilishwa, mfumo unawapanga upya wenyewe, na kiti ulicholipia kinaweza kupotea kimyakimya. Weka risiti ya malipo ya kiti kwenye simu, ionyeshe kaunta kabla hujakabidhi begi, na kama wamekosa cha kufanana, omba fedha ya kiti irudishwe.