Re: Hati za wazazi zilizobaki nyumbani (na habari ya Jeevanjee)

Habari zenu jamani,

Nimesoma mliyoandika kuhusu hati za mashamba na vyeti vya wazee, nani kakaa nazo, nani anajua ziko wapi. Ngoja nami nichangie, ila nitapitia mbali kidogo. Kijana wangu hapa Leicester alipewa homuweki ya kuandika juu ya mhamiaji aliyeingia siasa enzi za ukoloni, nikamwambia andika Jeevanjee. Akaniuliza, si ni ile bustani ya Nairobi? Nikajua hapa kuna kazi, mtoto anajua bustani mtu hamjui.

Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi 1856, Mbohora (dhehebu la Waislamu wa Kishia kutoka India), shule hakusoma ya maana. Alifika Mombasa miaka ya 1890 akawa kontrakta, reli ya Uganda ilipoanza yeye ndiye alikuwa akileta vibarua kutoka India. 1901 akaanzisha gazeti la African Standard hapo Mombasa, ndilo hili The Standard tunalosoma kwa simu kila asubuhi, aliliuza miaka michache baadaye. Halafu 1909 akateuliwa kuingia Legco, baraza la kutunga sheria la enzi hizo, wa kwanza asiye Mzungu, na huko ndani alikuwa peke yake kati ya watu ambao hata kiwanja cha nyanda za juu hawakutaka Mhindi anunue. Bustani aliwapa watu wa Nairobi 1906, na sanamu ya Malkia Victoria katikati.

Sasa hapa ndipo nilipotaka kufika. 1991 jiji likataka kujenga hapo maegesho ya magari ya ghorofa. Aliyesimama ni mjukuu wake, Zarina Patel. Alijua babu yake aliitoa kwa nani na kwa nini, akapiga kelele, watu wakasimama naye, mpango ukafa. Leo ukipita saa saba mchana utakuta watu wamejilaza kwenye nyasi, mhubiri upande huu, Bunge la Mwananchi, wale watu wa kawaida wanaojadili siasa, wanabishana upande ule. Mzee mwenyewe alikufa 1936, mali nyingi ilishapotea, hiyo bustani ikabaki.

Zarina alijua historia ya bustani, sisi ya shamba letu hatukuijua. Babangu alipofariki faili lake halikuonekana kwenye ofisi moja ya ardhi, tukazungushwa karibu mwaka mzima, na sisi watoto hakuna aliyejua hata namba ya ploti. Jumamosi nimempigia mama nikaweka spika nikarekodi, ameniambia mpaka wa shamba ni mti wa mugumo na kijito, na ni nani waliokuwepo siku ya kupima. Fanyeni hivyo wazee wakiwa hai tafadhali. Hati zote zipigeni picha mbele na nyuma, nakala moja abaki nayo ndugu mwingine.

---

Asante sana dada. Ila kijana asiache upande wa pili, mimi kwetu tulinyang'anywa ardhi Kiambu na nasema bila chuki. Jeevanjee huyohuyo 1910 akiwa London alisema Afrika Mashariki iwekwe chini ya India. Haki aliyoipigania ilikuwa ya Wahindi, Mwafrika kwenye Legco hakuingia mpaka 1944, Eliud Mathu.
(Toronto)

---

Kaka umesema kweli na nimemwongezea hilo, tumekaa naye mezani jana usiku. Aliniuliza mbona basi mjukuu akapigania watu wote. Nikamwambia Zarina mwenyewe amemwandika babu yake kitabu kizima, na bustani aliipigania wakati wanaoitumia ni wauza karanga na watu wanaotafuta kazi mjini, Wahindi wachache. Ameandika hivyo kwa maneno yake, kurasa mbili.

Wa Toronto, wazee wenu wa Kiambu wapo bado? Kama wapo wapigie wiki hii, nikutumie ile orodha ya maswali niliyomuuliza mama.