Mjadala: Mwanasaikolojia wa watoto afunge chumba chake akafundishe wengine?

Kalamu ya Risasi (mtoa mada)

Wadau, habari za muda. Mimi ni mwanasaikolojia wa watoto katika huduma za jamii, huu ni mwaka wangu wa saba. Kituoni niko peke yangu. Mtoto akiletwa leo na barua ya shule, kikao cha kwanza anakipata baada ya miezi mitano. Kwa mtoto wa miaka sita, miezi mitano ni kipande kikubwa cha maisha anayoyakumbuka.

Wakubwa wamekuja na wazo. Vikao vya mtoto mmoja mmoja vibaki siku moja kwa wiki, siku nyingine niwafundishe walimu na wahudumu wa afya ya jamii, kazi waifanye wao, mimi nisimamie. Hoja yao kubwa ni ule utafiti wa Lusaka uliochapishwa mwaka 2015: washauri wasio na shahada ya saikolojia walifundishwa tiba ya kiwewe kwa watoto, wakahudumia watoto waliopitia makubwa, na dalili zikashuka sana kuliko kwa wale waliopata huduma za kawaida. Nimeusoma, sina ugomvi nao. Ila kwenye mikutano wanaoutaja huishia kwenye "wasio na shahada", hawafiki kamwe kwenye "wakisimamiwa kwa karibu".

Nina mtoto mmoja alikaa vikao vitatu chini ya meza bila kutamka neno. Nami nikakaa sakafuni, nikachora changu. Kikao cha nne ukatoka mkono chini ya meza, unaomba penseli. Huyo nimwachie nani?

Nipeni maoni. Nimegawanyika kweli.

Kigogo wa Mvule

Kabla sijachangia, naomba kuuliza kwa nia njema kabisa. Mtoa mada una watoto wangapi?

Chaki Nyeupe

"Huyo nimwachie nani?" Kwa hiyo huyo "nani" ni mimi mwalimu. Nashukuru kwa heshima. Huyo mtoto wako wa chini ya meza, saa moja kwa wiki yuko nawe, saa zilizobaki yuko nami, pamoja na wenzake waliojaa hadi dirishani. Mnatuletea mafunzo ya siku mbili, mnatupiga picha na vyeti, halafu mnaondoka. Nani alituuliza kama tuna nafasi ya kuwa matabibu?

Kalamu ya Risasi

Kigogo, sina mtoto. Inahusiana vipi na mada?

Mwalimu Chaki, samahani, sikukusudia hivyo. Nilimaanisha

Kalamu ya Risasi

Limeenda kabla sijamaliza. Nilimaanisha kazi ile inataka utulivu ambao darasa halina, wala si kosa la mwalimu.

Kigogo wa Mvule

Basi jibu nimelipata. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Tunaletewa vijana wenye vyeti waje kutufundisha kulea, wao hata kuamshwa saa tisa usiku na kikohozi cha mtoto hawajawahi. Mimi ninao wanne.

Bundi Macho Mawili

Kwa hesabu hiyo mzee, wakunga wote wanaume warudi nyumbani, na anayetibu wazimu awe ameshaokota makopo japo wiki moja.

Maktaba ya Kutembea

Kigogo, wengi waliojenga fani hii hawakuzaa. Donald Winnicott, daktari Mwingereza aliyezungumza na akina mama redioni miaka na miaka, hakuwa na mtoto. Mary Ainsworth, aliyetuonyesha namna mtoto mdogo anavyoshikamana na mama, hakuzaa. Anna Freud, mpwa wa Sigmund Freud mwasisi wa uchambuzi wa nafsi, hakuzaa, na wakati wa Vita vya Pili alilea watoto London, yeye na Dorothy Burlingham, wakaona kwamba kutenganishwa na mama kuliwaumiza watoto kuliko mabomu yenyewe.

Upande wa pili, John Watson, mwanasaikolojia Mmarekani, alikuwa na watoto, na mwaka 1928 akawaandikia wazazi wasiwakumbatie wala kuwabusu watoto wao, ikibidi wapeane nao mikono asubuhi. Melanie Klein, mchambuzi wa nafsi za watoto, alizaa watatu, na binti yake akasomea fani ileile, akasimama hadharani kumpinga mama yake. Kuzaa si shahada.

Bundi Macho Mawili

Anna ni binti wa Freud, Maktaba, si mpwa. Kitinda mimba. Mengine endelea.

Maktaba ya Kutembea

Binti, sawa. Hoja inabaki palepale.

Kigogo wa Mvule

Nimeuliza swali la aliye hai, najibiwa kwa orodha ya marehemu.

Mama Pacha

Kigogo, nikupe la aliye hai basi. Wanangu walipokuwa darasa la pili, mmoja alianza kukojoa kitandani upya baada ya baba yao kuhama. Nilipelekwa kwa mwanasaikolojia mwenye watoto watatu, picha zao ziko ukutani. Kila nikifungua mdomo kuhusu mwanangu, yeye ananisimulia wa kwake. "Hata wangu wa kati alikuwa hivyohivyo." Nilitoka namjua mtoto wake wa kati kuliko yeye alivyomjua wangu. Tulipohamishiwa kwa kijana asiye na pete wala mtoto, huyo alinyamaza akasikiliza. Swali lake la kwanza lilikuwa mtoto anakunywa maji saa ngapi na choo kikubwa kinapatikana vizuri. Nilidhani ananitania. Kumbe tumbo likifunga hubana kibofu.

Kilichonikera ni kingine. Baada ya wiki chache mwanangu alianza kuzungumza naye humo ndani, mlango umefungwa, nami niko nje kwenye benchi. Nikiuliza amesema nini naambiwa "tunaendelea vizuri mama". Hapo mtoa mada nisaidie. Nina haki gani?

Baba Kitasa

HAPO sasa. Hili ndilo la kujadiliwa, siyo nani kazaa nani hakuzaa. Binti yangu wa miaka kumi na mitatu ana siri na mtu ambaye mimi simjui, ndani ya jengo la huduma za jamii, na mimi baba ninayemlisha na kumvisha nakaa nje kama dereva. Siri kwa nani? Kwangu?

Kalamu ya Risasi

Mama Pacha, nitakwambia ninavyofanya mimi, maana sheria za umri na ridhaa zinatofautiana nchi na nchi. Siku ya kwanza nawaweka wote chumba kimoja, mtoto na mzazi, nasema mbele yao: yapo mambo matatu sitayaficha. Ukiniambia unataka kujidhuru, ukiniambia unataka kumdhuru mtu, au ukiniambia kuna mtu anakudhuru. Nikisikia hayo nitawaambia wanaohusika, na wewe mtoto utakuwa wa kwanza kujua kwamba nasema. Yaliyobaki ni yako. Mzazi napewa ruhusa kumwambia tunashughulikia nini: hofu, usingizi, hasira. Maneno yenyewe simpi.

Sababu ni ya kikazi tu. Mtoto akijua kila neno linatoka mlangoni, ataniletea maneno ya kutoka mlangoni. Atasema shule ni nzuri, nyumbani ni kuzuri, tutachora maua mwaka mzima. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 12, unataka mtoto asikilizwe katika yanayomhusu. Utamsikilizaje mtu aliyekwisha kukagua maneno yake kabla hajaingia?

Na jingine, nalisema kwa uzito wake. Mara nyingine anayemdhuru ndiye aliyekaa kwenye lile benchi.

Baba Kitasa

Unaniita nini?

Kalamu ya Risasi

Sijakutaja ndugu yangu.

Kigogo wa Mvule

Umemtaja kwa njia ya mkato. Ndiyo maana niliuliza mapema una watoto wangapi. Mzazi hawezi kuandika sentensi ile.

Mama Pacha

Mimi ni mzazi na nimeisoma sentensi ile mara mbili. Benchi hilo hilo nililikalia. Kaka Kitasa, kama hukufanya kitu inakuchoma nini?

Baba Kitasa

Inanichoma kwa sababu nikienda kesho yule binti wa mapokezi ataniangalia hivyo. Nyie hamwezi kuelewa. Baba akileta mtoto anatazamwa tofauti na mama akileta mtoto. Nilipoingia mara ya kwanza niliulizwa "mama yuko wapi?" kabla ya salamu.

Kalamu ya Risasi

Hilo ni kweli na ni aibu yetu. Sitalitetea.

Sukari Guru

Mnabishana tu hapa wakati asilimia 50 ya watoto wote wana ugonjwa wa akili. WHO wamesema.

Bundi Macho Mawili

Hapana Sukari. WHO husema vijana wa miaka 10 hadi 19, takriban mmoja kati ya saba wana tatizo la afya ya akili. Hiyo nusu yako ni kitu kingine: kati ya matatizo ya akili ya ukubwani, kama nusu yalianza kabla ya miaka 14. Umechukua samaki wa huku ukampa mkia wa kule.

Sukari Guru

Sawa profesa.

Tabibu Mstaafu

Nimesoma kurasa zote, mgongo unaniuma. Turudi alipoanzia huyu dada. Mnajua kliniki ya kwanza ya saikolojia ilianzaje? Mwaka 1896, Philadelphia, Lightner Witmer. Mwalimu wa shule alimletea mvulana wa miaka 14 ambaye kila kitu alikielewa lakini tahajia ilimshinda kabisa. Witmer akampima, macho yakaonekana yana kasoro. Mvulana akapata miwani, kisha akafundishwa kusoma upya taratibu. Fani nzima ya saikolojia ya kliniki ilizinduliwa hivyo. Na aliyegundua kwamba kuna jambo alikuwa mwalimu.

Kwa hiyo mwalimu Chaki usinune. Na wewe dada usiogope. Mgawanyo ni wa zamani: mwalimu huona, mwanasaikolojia huchambua, kisha mwalimu hutekeleza sehemu yake. Ubaya huanza pale wakubwa wanapotaka mwalimu aone, achambue, atibu na bado amalize muhtasari.

Chaki Nyeupe

Sinuni. Hiyo ya miwani nimeipenda. Ila niseme ukweli ambao walimu hatuusemi: kuna lile dodoso la maswali 25 mnalotuletea tujaze kuhusu mtoto, nguvu zake na matatizo yake. Nikiwa nimechoka, mtoto mtundu anapata alama mbaya kila mstari, na yule aliyenyamaza nyuma anapata nzuri kila mstari kwa sababu hanisumbui. Yule wa nyuma ndiye aliyekuja kunywa vidonge likizo ilipoanza. Aliokolewa. Tangu hapo fomu zile nazijaza asubuhi.

Kalamu ya Risasi

Mwalimu, hilo lako ndilo ningetaka liwe somo zima la mafunzo, liniondolee kurasa arobaini za maneno. Mtoto mwenye sonona mara nyingi hasumbui mtu. Ndiyo maana dodoso lile hupewa mzazi pia, na kuanzia miaka kumi na moja hivi mtoto hujijazia lake. Majibu yakipishana, na hupishana sana, sitafuti nani mwongo. Nauliza mtoto huyu ni nani akiwa wapi.

Mhudumu wa Mtaa wa Pili

Mimi ndiye huyo mhudumu wa afya ya jamii mnayenijadili nikiwa nawasoma kimya. Nina daftari la chanjo, daftari la wajawazito, daftari la kifua kikuu, na la vyandarua. Mwaka jana likaja la afya ya akili. Tulifundishwa siku tano na mtaalamu mmoja mzuri sana. Akasema atarudi kila mwezi kukaa nasi tupitie kesi. Alirudi mara moja. Gari lilipelekwa mradi mwingine.

Nina mtoto mmoja kwenye daftari hilo, wa kike, miaka tisa. Aliniambia jambo. Mimi nililia njiani narudi, na nyumbani sikuweza kumwambia mtu kwa sababu nilifundishwa usiri. Mnajadili siri ya mtoto na mzazi. Siri ya mhudumu ataibeba na nani?

Tabibu Mstaafu

Pole sana binti yangu. Hilo la mtoto ulipeleka ustawi wa jamii?

Mhudumu wa Mtaa wa Pili

Nilipeleka siku ileile. Yuko kwa bibi yake sasa. Mimi ndiye nimebaki nalo.

Kalamu ya Risasi

Dada Mhudumu, nimekuandikia faragha. Tafadhali fungua.

Wengine, hiyo ndiyo hofu yangu niliyoshindwa kuieleza vizuri mwanzoni. Kufundisha siogopi. Naogopa kwamba kwenye ripoti mafunzo huhesabiwa kwa vichwa, "wamefundishwa arobaini", lakini saa ninazokaa na watu watatu kuchambua kesi zao hazina safu. Kisicho na safu ndicho hukatwa kwanza. Jumatatu nitawaambia wakubwa: nakubali, kwa sharti kila niliyemfundisha awe na saa yake kwangu kila wiki, iandikwe kwenye ratiba kama kikao. Kwa hiyo sitafundisha arobaini. Nitafundisha sita. Na siku mbili zibaki za chumba, si moja.

Maktaba ya Kutembea

Watakataa. Sita haivutii kwenye ripoti.

Kalamu ya Risasi

Wakikataa nitajua walikuwa wanataka ripoti.

Baba Kitasa

Mimi bado nasubiri jibu kuhusu mapokezi.

Kigogo wa Mvule

Mtoa mada, swali dogo, sitaki malumbano. Hiyo foleni ya miezi mitano inaanzia siku ya barua ya shule, au mzazi anaweza kuja mwenyewe bila barua? Mtoto wa kiume, miaka kumi na miwili, ameacha kula na wenzake, anakaa na taa imezimwa. Nauliza kwa niaba ya jirani.

Bundi Macho Mawili

Huyo jirani ana watoto wangapi?

Kalamu ya Risasi

Bundi, pumzika.

Mzee Kigogo, barua si lazima. Jirani aje mwenyewe kesho asubuhi, na mtoto aje naye. Aseme mapokezini ni mimi nimemwita, na hayo ya kutokula na taa ayataje hapohapo, kwa sababu yapo yasiyosubiri miezi mitano. Usiku wa leo asimhoji sana. Amuulize tu waziwazi kama amewahi kufikiria kujidhuru. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Na vidonge vyote vya nyumbani avihamishe, akae karibu naye. Akijibu ndiyo, wasingoje asubuhi, waende hospitali usiku huuhuu.

Kigogo wa Mvule

Nitamwambia.