Vyuo kuchuja mtandao ili kuzuia muvi za wizi: waliopitia, tupeane uzoefu

Fundi Nyaya: Wakuu, niko kitengo cha TEHAMA, chuo fulani hapa nchini. Uongozi unataka tufunge torenti (ile njia ya watu kugawana mafaili kompyuta kwa kompyuta) na tovuti za muvi kwenye waifai ya hosteli, wanasema hakimiliki. Kinachoniumiza mimi ni kasi: ikifika saa mbili usiku hata mfumo wa matokeo haufunguki. Kwenu ilikuwaje? Na nyie wa Marekani msikae kimya.

Mbeba Box: Huku Marekani sheria ya elimu ya juu ya 2008 inakitaka chuo kinachopokea fedha za serikali za wanafunzi kiwe na mpango wa kuzuia usambazaji haramu, na ndani yake angalau njia moja ya kiteknolojia. Haisemi lazima uchuje. Chuo changu kilibana tu kasi ya torenti. Kazi kubwa ilifanywa na barua za malalamiko ya wenye filamu. Jamaa wa bweni letu aliletewa moja: jina la filamu, saa, IP (namba ya mtandaoni) ya kompyuta yake. Akakatiwa mtandao mpaka aende ofisini kusaini. Tuliomwona akienda tukafuta programu zetu usiku huohuo 😂

Ila takwimu za watu wa filamu zipokee kwa tahadhari. MPAA, chama cha studio kubwa za filamu za huku, walikuwa wakidai 44% ya hasara yao ya ndani ya Marekani inatokana na wanafunzi wa vyuo; Januari 2008 wakakiri hesabu ilikosewa, ni kama 15%.

Mama Disko: Kwetu walifunga torenti zote. Mimi niliyekuwa nashusha Ubuntu (mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta) ya mradi, kitu cha halali kabisa, nikakwama. Wapenda muvi wakaweka VPN, programu ya kuficha unachofungua, maisha yakaendelea. Na chumba cha jirani kulikuwa na mtu mwenye diski ya terabaiti moja: unampa flashi, "nijazie msimu mzima," unamwachia jero. Hiyo utaichuja wapi?

Sauti ya Kinondoni: Mnacheka, ila sisi wasanii nyimbo zetu zinazunguka kwenye magrupu ya Telegram kabla hatujazitoa. Bora hata hizo barua.

Fundi Nyaya: Basi nitaandika tugawe kasi sawa kwa kila mtumiaji usiku, na malalamiko yakija tumwite mhusika.

Mbeba Box: Mhusika utamjuaje? Kila mwanafunzi anaingia kwa namba yake ya usajili?

Fundi Nyaya: Hapana mkuu. Nywila ni moja hosteli nzima, imebandikwa mlangoni kwa mlinzi.

Mbeba Box: Anzia hapo.