Msaada wakuu: mwongozo wa programu yangu umeachana na opsheni, nianzie wapi?

Ngedere_wa_Seva: Wakuu habari za jioni. Ofisini nina kaprogramu ka Python ka kusafisha mafaili ya zamani, kanaendeshwa kwa amri za kuandika tu. Opsheni, yaani vile viherufi kama -d vya kuiambia ifanye nini, nimezibadilisha mara kadhaa, mwongozo kila siku nasema ntaurekebisha kesho, sasa haviendani kabisa. Nyie mnafanyaje? Nijibuni haraka, silali.

mchuzi_wa_pweza: Mwongozo nani anasoma siku hizi, watu wanauliza jirani 😂

Fundi_Mitambo: Maelezo ya opsheni yaweke humohumo kwenye argparse, ile maktaba ya Python ya kusoma opsheni, pale help=, usiyaandike pembeni. --help inajitengeneza yenyewe, na ukurasa wa man, yaani mwongozo wa kusomea kwenye terminal, unautoa hapo kwa programu ya help2man. Ila mkuu, mtu hakosi usingizi kwa ajili ya mwongozo. Umebadilisha opsheni ipi?

Ngedere_wa_Seva: Ndogo tu. -d

Fundi_Mitambo: Kutoka nini kwenda nini?

Ngedere_wa_Seva: Zamani -d ilikuwa majaribio, inakuonyesha tu vitakavyofutwa. Sasa inafuta. Majaribio nimeyahamishia -n, mbona hata programu kubwa kama rsync na make ndo zilivyo. Mwongozo bado unasema ya zamani, na jana dada wa uhasibu kaufuata neno kwa neno.

Fundi_Mitambo: Duh. Herufi ya zamani haipewi kazi mpya mkuu, unaifanya igome na kumwambia mtu atumie ipi. Bekapu?

Ngedere_wa_Seva: Ya mwezi wa nane.

mama_wawili: Masikini dada wa watu, kesho ndo ataitwa mzembe! Mimi nilisingiziwa hivyohivyo stoo, magunia 3 ya sukari, yule bosi mpaka leo simsalimii. Sema ukweli mwanangu.

Ngedere_wa_Seva: Ntasema mama, ila mwongozo nimeshaurekebisha nikauingiza git, ile inayotunza historia ya mabadiliko, kwa tarehe ya wiki iliyopita. Sio uongo, wiki ile kweli nilipanga kuurekebisha.

Fundi_Mitambo: Umetumia --date? Hiyo inabadilisha tarehe ya kuandikwa, ya kuingizwa inabaki ya leo. Mtu akipiga git log --format=fuller anaziona zote mbili.

mchuzi_wa_pweza: Chai hii, tena ya maziwa. Mhasibu na amri za kuandika wapi na wapi?

Ngedere_wa_Seva: Nilimfundisha mwenyewe, nikamwandikia amri nzima kwenye karatasi akabandika pembeni ya skrini.

mchuzi_wa_pweza: Yenye -d?

Ngedere_wa_Seva: Ndio

mchuzi_wa_pweza: Na bado ipo hapo, kwa mwandiko wako?

mama_wawili: Umekimbilia wapi sasa, jibu