Michezo ya vita vya angani kwenye konsoli za mkononi: ni kuiokoa ao ni kuiua?

Fundi wa Nyawera
Wenzangu wa Bukavu, Goma na Lubumbashi, nauliza juu jana mteja alinikera hapa karakanani. Kaleta Game Boy Advance, konsoli ya mkononi, ndani kaseti ya Wing Commander Prophecy, mchezo wa vita vya angani, anasema: "Fundi, huu ni bora kuliko ule wa ordinatere." Nilicheka hadi nikaangusha chuma ya kuchomea. Prophecy ya ordinatere, yaani kompyuta, ya 1997 ilikuwa CD tatu, na waigizaji wa kweli kwenye filamu zake. Ile ya 2003, kazi ya Waitalia wa Raylight, filamu zimetupwa nje, kioo ni nukta 240 kwa 160, na vidole vimebakiwa na A, B, L, R na ule msalaba wa kidole gumba. Michezo ya aina hii ilizaliwa na klavie, yaani kibodi, ife na klavie. Kuihamisha ni kuniuzia sambaza, vile visamaki vya ziwa, kwa bei ya tilapia. Nani ananipinga?

Mwana Kenya
Kwanza, Kenya ni komini ya Lubumbashi, msinianzie tena mambo ya Nairobi. Pili, Fundi, weye njo unakosea. Wing Commander ya kwanza kabisa, 1990, hata kwenye ordinatere zile ndege zilikuwa picha bapa zinakuzwa na kupunguzwa. Walipoipeleka Super Nintendo, konsoli ya televisheni, batu walicheza na hakuna aliyekufa. Na mchezo wa Elite je? Vijana wawili wa Uingereza, mwaka 1982 sijui 83, mashine ya kilobaiti 32, na mle ndani galaksi nane nzima. Udogo si umaskini.

Yaya Feza
1984, mdogo wangu. Ian Bell na David Braben, kwa ordinatere ya BBC Micro. Kila galaksi nyota 256, na hazikuhifadhiwa popote: mashine ilizikokotoa upya kutoka tarakimu chache kila ulipofika. Njo maana zilienea.
Lakini mimi nimekwama kwenye lile neno "klavie". Nani humu alikuwa na klavie ya kuchezea? Kwetu Kadutu ordinatere ya kwanza niliiona kwenye sekretaria ya kupigisha barua, kila ukurasa na bei yake. Ukigusa hujalipa, unapigwa mkono.

Rubani wa Himbi
Mimi nilikuwa nayo. 1994, hapa Himbi, kila jioni ni X-Wing, mchezo wa vita vya angani wa ordinatere. Na Fundi ana haki kwa kitu kimoja: klavie njo ilikuwa chombo chenyewe. F9 unazidisha nguvu ya leza, F10 ya ngao, na chochote unachozidisha kinatolewa kwenye mwendo. Unataka kumkimbiza adui? Nyima ngao. Umepigwa? Rudisha, ukubali kutambaa. Mkono wa kushoto ulikuwa unajua kazi yake bila kuuliza kichwa. Weka hiyo kwenye vitufe vinne tuone.
Lakini kwa lingine simfuati. Mei 2021, mlima wetu wa moto, Nyiragongo, ulipotema halafu tukaambiwa tuhame, nilitembea hadi Sake na mtoto mgongoni, na mfukoni ni hiyohiyo Advance mnayoicheka. Betri mbili za tochi, saa 15 hivi. Watoto wa pale tulipolala waliishika kwa zamu mpaka wakasinzia. Nani anahama na ordinatere kichwani? Kwa mji kama wetu, mchezo usiobebeka ni mali ya mlima.

Mtoto wa Birere
Subiri. 1994? Goma? Kila jioni?

Rubani wa Himbi
Ndiyo. Kuna shida?

Mtoto wa Birere
Shida hakuna, gran. Ni kwamba mimi 1994 nakumbuka mengine. Julai ile wakimbizi kama milioni moja walivuka mpaka kutoka Rwanda kwa siku chache, halafu kipindupindu. Maiti zilizofungwa mikeka zilipangwa kandokando ya barabara kama mizigo inayosubiri lori. Papa yangu alikuwa wa kubeba. Kumbe wenzetu wa Himbi walikuwa wanagawa leza na ngao. Hongera.

Mwana Kenya
Aïe.

Fundi wa Nyawera
Tafadhali turudi kwenye vitufe.

Rubani wa Himbi
Haturudi popote. Nani amekuambia Julai? Mwaka una miezi 12. Na weye mwenyewe ulikuwa na miaka mingapi, miwili? Unanisomea yale papa yako alikusimulia.

Mtoto wa Birere
Saba. Na harufu haisimuliwi.

Yaya Feza
Kaka zangu, hata sisi Bukavu tulipokea wa kwetu. Darasa langu lililala familia tatu, benchi ziliishia jikoni. Hakuna mwenye hatimiliki ya mwaka ule.
Ila kwa kuwa niko na ugonjwa wa tarehe: kwa Zaire ya 1994, noti zilizobebwa kwa mfuko kwenda kununua sabuni, ordinatere ya kurusha X-Wing, mchezo uliotoka 1993 tu, ulifikaje Himbi? Nauliza kwa heshima.

Mwana Kenya
Yaya Feza akiuliza kwa heshima, ujue umekwisha.

Mchambuzi wa Katuba
Mnabishana juu ya vitufe na hamsemi kitu cha maana: hizo konsoli zote, kubwa na ndogo, ndani kuna madini ya tantali, na tantali inatoka kwenye koltani ya Rubaya, pale Masisi. Wao wanacheza, sisi tunachimba.

Yaya Feza
Karibu. Nilikuwa nahesabu ujumbe wa ngapi utaleta koltani. Leo umechelewa.

Mwana Kenya
Na betri ni kobalti ya Kolwezi, basi Katanga pia tuandikwe kwenye majina ya mwisho wa mchezo, pale "walioshiriki".

Mchambuzi wa Katuba
Chekeni.

Rubani wa Himbi
Sawa. Ni 1995. Mmefurahi?
Papa yangu alikuwa mhasibu wa shirika moja la misaada. Walipoletewa mashine mpya wakamwachia iliyochoka, na mzungu mmoja wa pale alikuwa ameweka mchezo ndani, pamoja na disketi zake kwenye boksi. Sasa weye wa Birere, shirika lilikuwa Goma kufanya nini, utalii? Lilikuja na wale wakimbizi. Ordinatere yangu nayo ilikuja na wale wakimbizi, najua, sihitaji kukumbushwa. Mama alikuwa muuguzi kambi ya Mugunga. Akirudi hasemi kitu, anakaa na viatu mkononi. Sisi watoto tulizima sauti ya mchezo, tukaendelea kucheza bila sauti. X-Wing mpaka leo naijua bila muziki. Ndiyo, tulicheza.

Mtoto wa Birere
Sikusema msicheze. Nimesema 1994 usiiandike kama mwaka wa sikukuu.

Fundi wa Nyawera
Kwa walio bado kwenye mada: Star Fox msije mkanitolea kama ushahidi, naona Mwana Kenya anaiandika.

Mwana Kenya
Nilikuwa naiandika! 1993, Super Nintendo, na kaseti yenyewe ilibeba kichakataji chake cha ziada, Super FX, ili ichore 3D. Ikaja hadi DS, konsoli ya mkononi, mwaka 2006, unaongoza ndege kwa kalamu juu ya kioo. Vita vya angani, mkononi, bila F9 wala F10.

Fundi wa Nyawera
Star Fox ile ya 1993 ni treni. Inapita njia iliyochorwa, weye unapiga risasi dirishani. Abiria si rubani.

Mwana Kenya
Umeniita abiria?

Fundi wa Nyawera
Nimeita mchezo.

Mwana Kenya
Hapana, batu ya Bukavu njo mko hivyo. Mnatukana halafu mnasema mlikuwa mnaongea na ukuta.

Yaya Feza
Mimi wa Bukavu nimekaa hapa, naongea na ukuta gani?
Fundi, hoja yako ilikuwa na nguvu 2003. Leo kuna Steam Deck, konsoli ya mkononi, tangu 2022, kioo cha 1280 kwa 800, inaendesha mchezo wa ordinatere wenyewe, haukatwi kitu. Vijiti viwili, vitufe hata mgongoni. F9 yako utaipangia kidole. Na mchezo wa FreeSpace 2 wa 1999, waliotengeneza walitoa msimbo wake, yale maandishi ya programu, 2002, wapenzi wanaurekebisha hadi leo. Mchezo wenye msimbo wazi unahamia popote. Uliofungiwa kabatini njo unakufa, klavie ama si klavie. Uliza nani ana msimbo, usiulize kifaa kina upana gani.

Fundi wa Nyawera
Na hiyo Steam Deck nitaikuta duka gani Bukavu, yaya? Nitengeneze ya nani? Mimi nalishwa na Advance zenye vitufe vilivyoliwa na vumbi.

Mwana Kenya
Kwa hiyo zinakulisha, na unazitukana.

Fundi wa Nyawera
Hata daktari hapendi malaria.

Mtoto wa Birere
Rubani, ile ordinatere iko wapi sasa?

Rubani wa Himbi
Chini ya lava. Tulikuwa tumemkopesha mjomba, dukani kwake, hapohapo kwenu Birere. 17 Januari 2002.

Mtoto wa Birere
Kwetu vilevile ilipita. Nyumba na yote.

Rubani wa Himbi
Pole.

Mtoto wa Birere
Pole nawe. Duka lilikuwa upande gani?

Rubani wa Himbi
Upande wa wauza vitenge. Mjomba alitoka na mashine ya kushona. Sikumlaumu, ilikuwa inamlisha. Nilibaki na disketi moja ya X-Wing, juu ilikuwa kwenye mfuko wa shule. Moja tu.

Fundi wa Nyawera
Disketi moja bila wenzake ni kifuniko cha glasi.

Rubani wa Himbi
Najua. Bado iko na lebo, mwandiko wa yule mzungu.

Fundi wa Nyawera
Kisomeo cha disketi ninacho, kimoja, kinapiga kelele lakini kinasoma. Panda boti ya asubuhi, Jumamosi. Usiiweke karibu na spika ya redio njiani, sumaku itaifuta.

Mwana Kenya
Na sisi abiria?

Fundi wa Nyawera
Jumamosi nimejaa.