Kovu la moto kiganjani, vidole vimejikunja: mkato wa Z au kiraka cha ngozi?

Tabibu_Wilaya
Wakuu, mtoto wa miaka 4 aliunguzwa kiganja na uji, miezi 8 sasa. Kidonda kilifunga chenyewe. Kidole cha kati na cha pete vimejikunja, hata ukivivuta havinyooki, na kovu ni pana mpaka katikati ya kiganja. Mkato wa Z, yaani kukata kovu kwa umbo la Z na kupishanisha ncha za ngozi, utatosha? Tusubiri kwanza kovu lilainike?

Ngozi_na_Kovu
Msisubiri, mkuu. Kovu lisilozuia kitu huachwa hata mwaka likomae, lakini mkono wa mtoto anayekua hapana: viungo hukakamaa na kano hufupika. Kope zisizofumba nazo hazingoji, jicho litaharibika.

Mkato wa Z hauongezi ngozi, unaazima ya pembeni. Unafaa kovu likiwa utepe mwembamba na pembeni kuna ngozi laini ya kufinyika. Pembe za nyuzi 60 hurefusha kwa asilimia 75 kwenye karatasi. Mwilini ni pungufu. Ukizikata ndani ya kovu pana, ncha hazipati damu, zinaoza. Huyo ni wa kiraka.

Kata kovu kwa kulikingama pale linapovuta zaidi, ufike ubavuni mwa kidole pande zote mbili. Ngozi ya kiraka, ya unene wote, itoke kinenani, upande wa nje, ambako nywele hazitaota akibalehe. Punguza mafuta yote kwa mkasi mpaka chini ing'ae nyeupe. Fungua turniketi (mkanda unaobana mkono kuzuia damu) na ukaushe damu kabla ya kushona. Damu ikiganda chini ya kiraka, kiraka kinakufa. Shonea pamba juu ikikandamize. Kidole kikibaki cheupe baada ya kunyooshwa, kirudishe kikunjike kidogo hadi rangi irudi, maana mishipa ya damu nayo imefupika.

Fizio_Mikono
Banzi lifungwe palepale chumba cha upasuaji. Kwa umri huo liwe la plasta ngumu (POP), ipite kiwiko kikiwa kimekunjwa nyuzi 90. Ikiishia chini yake, mtoto anaichomoa. Bendeji ya kwanza ifunguliwe siku ya 5 hadi 7. Kiraka kikishika, banzi usiku na mchana, livuliwe kwa mazoezi na kuosha tu, kisha usiku kwa miezi 6 au zaidi. Mama afundishwe kukanda kovu kwa mafuta ya mgando ngozi ikishafunga kabisa. Kazi nzuri za upasuaji nyingi hupotelea hapa, banzi likiachwa mapema.

Tabibu_Wilaya
Asanteni. Nikikuta kano wazi je?

Ngozi_na_Kovu
Ikiwa bado na utando wake, kiraka kitashika. Ikiwa tupu hakishiki. Inataka kufunikwa na ngozi inayokuja na mishipa yake ya damu. Kama hapo hamna mtu wa kuifanya, funika kwa bendeji yenye unyevu umpe rufaa haraka, kano isikauke.