Ushauri: nianze na sehemu ipi ya WKRP in Cincinnati na kijana wangu?

Mwenye uzi
Wakuu, habari za majukumu. Naishi Ohio na familia. Kijana wangu wa miaka 17 ameanza kusema shule haimsaidii kitu. Nikimkalisha tuongee, anashika simu. Kinachotukutanisha ni komedi za zamani tu. Nimesikia habari za hii ya televisheni ya CBS, 1978 hadi 1982, kuhusu kituo cha redio chenye mtangazaji Mweusi anayeitwa Venus Flytrap. Sitaki kumwekea Mweusi aliyewekwa pale achekwe tu, hao ameshawaona wengi. Nishaurini.

Jibu 1
Kaka, ondoa hofu. Nguo zake za kung'aa zisikupoteze. Venus ni jina la redioni; mwenyewe ni Gordon Sims, mwalimu wa zamani, tena aliyetoroka jeshi kwa aliyoyaona Vietnam. Tim Reid, anayemwigiza, anapofika kwenye masimulizi hayo, kicheko chote kinakata. Binafsi naumia komedi hii haitajwi inavyostahili.

Jibu 2
Kwa shida yako anza na "Venus and the Man", ya 1981. Mama anayefanya usafi kituoni ana mtoto wa magenge anayetaka kuacha shule. Venus hamhubirii, anaweka naye dau kwamba atamfundisha atomu kwa dakika mbili. Anaigeuza kuwa mtaa: genge la pembeni, elektroni, ni hasi na linazunguka tu, katikati wako protoni, walio chanya, na nyutroni, wasio na upande. Dogo anajikuta anajibu maswali ya fizikia. Mimi nafundisha kemia, na mfano huo nimeutumia darasani mara nyingi, hadi wale wa viti vya nyuma wanainua vichwa.

Jibu 3
Ukinunua DVD, tafuta seti ya 2014. Toleo la mwanzo liliondoa nyimbo nyingi kwa sababu ya hakimiliki, na redio bila nyimbo zake inapwaya.

Mwenye uzi
Nawashukuru sana. Jana tumeiangalia. Kwenye ile atomu alirudisha nyuma mara mbili, akachukua bahasha ya bili ya umeme akachora duara. Hakusema kitu, nami nikanyamaza. Bahasha iko chumbani kwake. Jumamosi tunaangalia ile ya jeshi. Kuna anayejua ilipo yenye maandishi ya Kiswahili chini? Mama yake naye anataka kukaa nasi.